Kufungua Shauri: Historia ya Hati ya Mahakama Tangu Uzi hadi Mtandao

Katika mahakama za Tanzania shauri la madai huanza siku hati yake inapoingia mahakamani. Ugomvi wenyewe waweza kuwa na umri wa miaka mingi, mashahidi waweza kuwa tayari, na haki ya mdai yaweza kuwa wazi kwa majirani wote. Lakini machoni pa sheria hakuna shauri mpaka hati iwe imeingia kwa njia iliyowekwa. Tena imewekwa mipaka ya muda. Kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai yatokanayo na mkataba hupewa miaka 6, madai ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3, na madai ya kurudishiwa ardhi miaka 12. Shauri lililofunguliwa baada ya muda huo hutupwa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakutaja habari za kuchelewa. Kwa hiyo swali "hati hii iliingia lini?" laweza kumnyang'anya mtu shamba lake kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa.

Zamani swali hilo lilijibiwa kwa kutazama muhuri. Karani wa masijala alipokea karatasi kwa mkono wake, akagonga muhuri wenye tarehe, akatia saini, na mambo yakaisha. Mahakama zilipoanza kupokea hati kwa njia ya kielektroniki, karani aliondoka mlangoni na mtambo ukakaa mahali pake. Mtambo huandika saa, dakika na hata nukta, na ilitazamiwa ya kwamba ubishi wa tarehe ungekoma. Haukukoma. Safari ya hati, iliyokuwa hatua moja toka mkono hadi mkono, imekuwa na vituo vingi, na sheria haina budi kuchagua ni kituo gani kihesabiwe kuwa mwisho wa safari.

Madhumuni ya makala haya ni kufuata historia ya kitendo hicho cha kuingiza hati mahakamani, na kuonyesha ya kwamba ugumu wake wa leo umetokana kwa sehemu na lugha. Neno moja la Kiingereza limefunga pamoja vitendo vitano vilivyo mbalimbali. Kiswahili kina maneno ya kuvitenga, nayo yastahili kutumiwa kwa uangalifu, hasa tangu lugha hii ilipofanywa lugha ya mahakama.

Uzi na gombo

Neno la Kiingereza "file", ambalo katika Kiswahili limekuwa "faili", asili yake ni neno la Kilatini "filum", maana yake uzi. Katika mahakama za Uingereza za zama za kati, amri na hati ndogo ndogo zilitobolewa na kutungwa katika uzi au ukanda wa ngozi, kama shanga zitungwavyo. Hati iliyokwisha kutungwa ilikuwa chini ya ulinzi wa mahakama, na mtu aliyetaka kuitazama alipaswa kuifuata huko.

Mbali na uzi yalikuwako magombo ya ngozi, ambamo makarani waliandika mambo yaliyotendeka: nani alimdai nani, kwa sababu gani, na mahakama iliamua nini. Basi tangu mwanzo palikuwa na vitu viwili. Uzi ulishika hati yenyewe, na gombo lilishika habari ya hati. Mtu aliyetaka kujua kama hati ipo alitazama uzi. Aliyetaka kujua mahakama ilifanya nini kwa hati hiyo alisoma gombo. Tofauti hii haijafutika. Jalada la shauri ni mrithi wa uzi, na daftari la mashauri ni mrithi wa gombo. Na hata katika mifumo ya kielektroniki ya siku hizi, hati zilizopakiwa hukaa mahali pamoja, na orodha ya matukio ya shauri hukaa mahali pengine.

Njia ya Bara Hindi

Utaratibu wa Kiingereza haukufika Tanganyika moja kwa moja. Ulipitia Bara Hindi. Kanuni za mashauri ya madai za nchi hiyo, zilizotungwa upya mwaka 1908, zilianza kutumika Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1920 iliyoingiza sheria kadhaa za Bara Hindi. Zilidumu hata baada ya Uhuru, mpaka ilipotungwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Na. 49 ya mwaka 1966, ambayo nayo ilizifuata kwa karibu sana.

Kwa kanuni hizo shauri huanzishwa kwa kuleta hati ya madai mbele ya mahakama, au mbele ya ofisa aliyewekwa kwa kazi hiyo. Kisha habari za shauri huandikwa katika daftari la mashauri ya madai, na kila mwaka mashauri hupewa namba kwa taratibu ya kupokewa kwa hati zake. Msomaji ataona ya kwamba hapa pana vitendo viwili. Cha kwanza ni cha mdai: kuleta. Cha pili ni cha mahakama: kupokea na kuandikisha. Kati ya viwili hivyo ofisa hutazama kama hati ina mambo yote yanayotakiwa, kama imeletwa katika mahakama inayohusika, na kama ada imelipwa. Siku zile pengo kati ya kuleta na kupokea lilikuwa dogo, mara nyingi la dakika chache tu, kwa hiyo halikuwasumbua watu wengi. Mtunga sheria alidhania mtu anayesimama mbele ya mtu mwingine, na meza katikati yao.

Mbali na mahakama zilizofuata sheria hiyo, zilikuwako nyingine ambamo neno la mdomo lilitangulia maandishi. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kesi za wenyeji zilizosikilizwa bomani ziliandikwa katika daftari lililoitwa kwa Kijerumani "Schauribuch", yaani kitabu cha mashauri. Na hivyo neno la Kiswahili likapata kikao katika lugha ya mtawala. Waingereza nao waliweka mahakama za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1929, kisha mahakama za mitaa kwa sheria ya mwaka 1951. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ilizifuta na kuweka Mahakama za Mwanzo, ambazo lugha yake ilikuwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Humo mlalamikaji aliweza kueleza lalamiko lake kwa mdomo, na mahakama ikaliandika. Mwandishi alikuwa mahakama yenyewe, wala mtu hakupoteza haki yake kwa kutojua kuandika.

Ushuhuda wa maneno

Maneno ambayo Kiswahili kiliyapata kwa kazi hii yana historia iliyo wazi. Mengi ni ya asili ya Kiarabu: mahakama, wakili, hati, hukumu, shauri, rufani. Jalada ni neno la jamii ya maneno ya ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo iliyofunika vitabu. Sajili yatokana na neno la Kiarabu la daftari lenye kuandikwa mambo ya kudumu, na masijala ni mahali daftari hilo linapokaa. Muhuri ni neno la Kiajemi. Faili na korti yametoka katika Kiingereza.

Lakini kitendo chenyewe watu walikiita kwa neno la Kibantu: kufungua. Mtu hufungua kesi, hufungua shauri, hufungua mashtaka. Na jambo likiisha, jalada hufungwa. Picha iliyomo katika neno hili si ya uzi. Ni picha ya kitu kilichokuwa kimefungwa, ambacho sasa kiko wazi mbele ya watu ili kitazamwe. Ni neno zuri kwa mazungumzo, ila lina upungufu mmoja kwa sheria: halisemi nani anayefungua. Mdai husema, "Nimefungua kesi," na karani husema, "Nimefungua jalada," na kila mmoja asema kweli, ijapokuwa kati ya kauli hizo mbili waweza kuwamo usiku mzima.

Hapo ndipo yanapofaa maneno mengine. Kutuma ni kazi ya mtumaji, nayo huisha kitu kinapotoka mikononi mwake. Kuwasilisha ni zaidi ya kutuma. Shina lake ni wasili, yaani fika. Na kwa kuwa ni kauli ya kutendesha, maana yake ni kufanya kitu kifike. Barua iliyopotea njiani imetumwa lakini haikuwasilishwa. Kupokea ni kazi ya mwenye kuletewa, nako huweza kuwa na hiari ndani yake, kwani awezaye kupokea aweza pia kukataa. Kusajili ni kuandika katika daftari, na kufanyika kwake ni baada ya kupokea. Tena kuna kulipia ada, ambako si kutuma wala kupokea, lakini bila ya kulipia sheria huenda isivitambue vyote vilivyotangulia. Hivi ndivyo vitendo vitano. Kiingereza cha mahakama huvibeba vyote kwa neno "file", na Kiswahili cha mitaani cha siku hizi kimefuata mkondo huo kwa neno "kufaili".

Kuja kwa njia ya kielektroniki

Haja ya kuacha karatasi ilianza kuonekana mahali ambapo karatasi zilikuwa nyingi kupita kiasi. Marekani, katika jimbo la Delaware, Mahakama ya Juu ya jimbo, iliyo ya mwanzo kwa mashauri makubwa, ilianza mwaka 1991 kupokea kwa kompyuta hati za mashauri magumu ya bima na mengine kama hayo. Mahakama za shirikisho za nchi hiyo zilikuwa zimewawezesha watu tangu mwaka 1988 kusoma orodha za mashauri kwa njia ya simu, kwa mfumo ulioitwa PACER. Mwaka 1996 mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa Ohio ilianza kupokea hati kwa mtandao, kwa sababu ya wingi wa mashauri ya mabaharia waliodai kudhuriwa na asbesto. Jaribio hilo likakua na kuwa mfumo wa CM/ECF, ambao kuanzia mwaka 2001 ulienezwa katika mahakama za kufilisi, kisha za wilaya, kisha za rufani. Singapore nayo ilianza majaribio yake mwaka 1997, na mwaka 2013 ikaleta mfumo wa pili uitwao eLitigation.

Afrika ya Mashariki ilifuata katika miaka iliyokuja baadaye. Rwanda ilianzisha mwaka 2016 mfumo mmoja wa kuunganisha polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza. Kenya ilianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipokuwa umefunga milango ya mahakama, na mwaka 2024 ikaeneza utaratibu huo nchi nzima. Uganda ilizindua mfumo wake mwaka 2022.

Tanzania ilikwisha kutangulia kuweka msingi wa sheria. Mwaka 2000, katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliamuliwa ya kwamba maandishi yaliyotolewa na kompyuta ya benki yaweza kupokewa kama kitabu cha benki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikayapa maandishi na saini za kielektroniki nguvu ya kisheria. Kisha mwaka 2018 zikatolewa Kanuni za Uwasilishaji wa Hati kwa Njia ya Kielektroniki, zilizochapwa katika Tangazo la Serikali Na. 148. Mwaka 2023 Mahakama ya Tanzania ikaanza kutumia mfumo mpya wa kuendesha mashauri badala ya ule wa awali.

Ubishi wa tarehe

Kanuni za mwaka 2018 zilikuta sheria ya zamani imekwisha kukaa. Katika uamuzi uliochapwa katika Tanzania Law Reports za mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema ya kwamba tarehe ya kufunguliwa kwa maombi ni tarehe ya kulipwa ada, wala si tarehe ambayo masijala ilizipokea hati. Uamuzi huo ulikuwa na maana njema siku zile. Karani aliweza kupokea bahasha na kuiweka mezani. Risiti ya ada ndiyo iliyokuwa ushahidi usioweza kugeuzwa.

Kanuni za 2018 zikaja na kipimo kingine. Hati ilihesabiwa kuwa imefunguliwa siku ile iliyotumwa katika mfumo, mradi iwe imetumwa kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika ya Mashariki, isipokuwa kama mahakama imeweka saa nyingine au imeikataa hati. Neno la ada halikuwa ndilo kipimo. Lakini katika kazi ya kila siku hatua zilifuatana hivi: wakili alituma hati katika mfumo, masijala iliikagua, ikikubaliwa, ilitolewa namba ya malipo, wakili alilipa kwa benki au kwa simu, kisha mara nyingi nakala ya karatasi ilipelekwa mahakamani na kugongwa muhuri. Hati moja ikawa na tarehe tatu au nne. Aliyetuma siku ya mwisho ya muda wake, akapewa namba ya malipo kesho yake, akalipa siku ya tatu, alijikuta amewahi kwa kipimo kimoja na amechelewa kwa kingine.

Mapingamizi ya awali yakawa mengi. Wako majaji wa Mahakama Kuu walioona ya kwamba Kanuni mpya zimebadili mambo, na siku ya kutuma ndiyo siku ya kufungua, kwani mtu asiadhibiwe kwa ukawiaji wa masijala ambao hana mamlaka nao. Wako walioona ya kwamba uamuzi wa 1992 bado wawafunga, na hati isiyolipiwa ada haijafunguliwa. Kila upande ulikuwa na hoja. Ni vigumu kusema ya kwamba mtu amefika kwa mahakama wakati hajatoa ada iliyowekwa. Na ni vigumu vilevile kumwambia mtu alipe kwa namba ambayo hajapewa.

Mtu akiyasoma mabishano hayo kwa Kiingereza ataona ya kwamba pande zote zatumia neno lile lile, na kila upande umelijaza maana yake. Yakielezwa kwa Kiswahili chenye kupambanua, sehemu kubwa ya ubishi hugeuka swali la sera lililo wazi: je, muda wa ukomo usimame wakati wa kutuma, wakati wa kuwasili, wakati wa kupokewa, wakati wa kulipiwa, au wakati wa kusajiliwa? Swali hilo laweza kujibiwa kwa njia hii au ile. Lililo baya ni kuliacha lijibiwe kwa neno lisilojulikana limesimama wapi.

Saa sita usiku

Kuna jambo jingine la lugha ambalo limepata uzito mpya. Zamani siku ya mahakama iliisha mlango wa masijala ulipofungwa. Mfumo wa kielektroniki haufungi mlango, kwa hiyo siku imerefushwa mpaka saa sita usiku. Marekani, katika mahakama za shirikisho, kanuni ya mwaka 2009 iliweka wazi ya kwamba kwa hati za kielektroniki siku ya mwisho huisha usiku wa manane kwa saa za mahali ilipo mahakama, na kwa njia nyingine huisha ofisi ya karani inapofungwa. Lakini si wote walioridhika. Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu, yenye makao yake Philadelphia, ilirudisha mwisho wa siku kuwa saa kumi na moja jioni kuanzia tarehe 1 Julai 2023, ingawa mawakili wengi walipinga.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mtego zaidi. Hesabu ya saa ya Kiswahili huanza maawio na machweo, na kwa desturi ya pwani usiku hutangulia mchana wake. "Usiku wa Ijumaa" kwa wazee wa pwani ni usiku unaokuja kabla ya mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi huuhesabu kuwa bado ni Alhamisi. Mtambo haujui desturi hiyo. Wao huanza tarehe mpya usiku wa manane. Tena mtambo huandika 15:00 pale Mswahili asemapo saa tisa alasiri, na 23:59 pale asemapo saa sita kasoro dakika moja. Kanuni za 2018 ziliruhusu mtu aliyezuiwa na hitilafu ya mtambo aombe nafuu, nazo zilitaka aombe kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Mtu akisoma 15:00 kama saa kumi na tano asijue ni lini, au akisikia "saa tisa" akaifikiria ile ya usiku, nafuu hiyo itampita. Kwa hiyo agizo la mahakama lililoandikwa kwa Kiswahili lingefaa litaje saa pamoja na kipindi chake, na tarehe ya kalenda, kama vile: "kabla ya saa sita usiku unaomaliza tarehe 10".

Mafunzo kwa mawakili

Historia hii yafundisha mambo kadhaa ambayo wakili mwangalifu huyashika. Kwanza, hahesabu siku ya mwisho kuwa siku yake ya kazi. Hutuma mapema, ili pawe na nafasi ya hati kukaguliwa, kukataliwa, kurekebishwa na kulipiwa ndani ya muda. Akifanya hivyo, ubishi wa tarehe haumgusi, kwani tarehe zote huwa ndani ya mpaka.

Pili, huweka ushahidi wa kila kituo. Zamani alitunza nakala yenye muhuri. Siku hizi hutunza ujumbe wa mfumo unaoonyesha siku na saa ya kutuma, ujumbe wa kukubaliwa, namba ya malipo na siku iliyotolewa, na risiti. Mtandao ukikatika hupiga picha ya kioo cha kompyuta inayoonyesha hitilafu pamoja na saa, huandika mara moja kwa Msajili au Hakimu Mfawidhi, wala hangoji pingamizi la mpinzani ndipo aanze kueleza.

Tatu, hutazama hati kama karani wa zamani alivyoitazama. Husoma kila ukurasa baada ya kuuskani, kwani ukurasa uliopinda au kufifia hauwezi kusomwa na jaji. Huhakikisha ya kwamba hati ya kiapo imetiwa saini na kuapishwa kabla ya kuskaniwa, ya kwamba viambatisho vina alama zilizotajwa katika hati yenyewe, ya kwamba majina ya wadaawa na mahakama yameandikwa sawasawa katika mfumo kama yalivyo katika hati, na ya kwamba hati asili imehifadhiwa ili itolewe itakapotakiwa. Mara nyingi kosa la karatasi lilionwa na karani papo hapo, akamwonya mleta hati. Mtambo hupokea kosa bila ya kusema neno.

Nne, hafuti habari ya kukataliwa. Hati iliyorudishwa na masijala ina historia yake. Akiituma tena huweka pamoja sababu ya kurudishwa na tarehe ya kwanza, maana huenda akahitaji kueleza mbele ya jaji kwa nini namba ya shauri ni ya siku za baadaye.

Tano, hulinda neno lake la siri kama alivyolinda muhuri wa ofisi yake. Hati iliyotumwa kwa jina lake ni hati yake, hata kama aliyebonyeza ni mwandishi wa ofisi.

Mtu asiye na wakili

Mawakili wana ofisi na makarani. Mtu wa kijijini anayejitetea mwenyewe hana. Zamani, kandokando ya boma, walikuwako waandishi wa barua waliomwandikia asiyejua kuandika. Siku hizi mtu huyo huenda katika duka la steshenari, akachapiwa, akaskaniwa na kutumiwa hati yake na kijana ambaye hakufundishwa sheria. Kijana husema, "Imekwenda." Neno hilo ni la kutuma tu. Mwenye shauri hulielewa kuwa ni la kufungua, hurudi kwake akiwa na amani, na huenda asijue kwa siku nyingi ya kwamba kuna namba ya malipo iliyotolewa ikimngoja.

Hapa ndipo inapoonekana ya kwamba upambanuzi wa maneno una kazi kubwa kuliko ya kupendeza masikio. Mfumo ukimwandikia mtu huyo kwa Kiswahili ya kwamba hati yake "imetumwa, lakini haijapokewa wala kulipiwa", atajua ya kwamba safari haijaisha. Ukimwandikia ya kwamba hati yake "imefailiwa", hajaambiwa chochote.

Lugha ya mahakama

Kwa muda mrefu lugha ya Mahakama Kuu ya Tanzania ilikuwa na sura mbili: mashahidi na wadaawa waliweza kusema Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Wanasheria na wataalamu wa lugha walijaribu kuitengeneza njia ya kutoka huko. Mwaka 1968 Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilitoa orodha ya istilahi, *Swahili Legal Terms*. Mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na mwaka 2022 zikatolewa kanuni za kueleza hali ambazo Kiingereza kingeweza bado kutumika mahakamani.

Mageuzi mawili, basi, yamekutana katika muda wa miaka michache: hati imeacha karatasi, na sheria imeanza kuacha Kiingereza. Atakayetunga kanuni za baadaye kwa Kiswahili atakuwa na nafasi ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Aweza kufasiri neno la Kiingereza kwa neno moja, na hivyo kurithi shaka yake yote. Au aweza kuandika kwa maneno matano ambayo tayari yamo katika lugha, na kusema waziwazi kwamba muda wa ukomo husimama kwenye kitendo hiki, na kwamba ada iliyolipwa ndani ya siku fulani baada ya namba ya malipo kutolewa huhesabiwa kuwa ililipwa siku ile ya kutuma. Kanuni ya namna hiyo ingekuwa fupi, na karani, wakili na mwenye duka la steshenari wangeielewa sawasawa.

Karani wa zamani, alipogonga muhuri, alimpa mleta hati jambo moja ambalo mtambo haumpi kwa wenyewe: uhakika wa kuondoka akijua ya kwamba amepokewa. Kurudisha uhakika huo ni kazi ya watunga kanuni na watunga mifumo. Lakini maneno watakayoyatumia yametungwa na wengine, na wataalamu wa Kiswahili hawana budi kuulizwa kabla hayajapigwa chapa.